Tuwaulize vijana wa Kathiani kabla ya kuwajengea kliniki

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii tunawafundisha wanafunzi wetu mwaka baada ya mwaka, nao huieleza barabara katika insha zao. Ajabu ni kwamba pindi sisi watu wazima tunapoketi kuwapangia vijana huduma za afya ya akili, tunaisahau kabisa. Tunaamua chumba cha ushauri kiwe wapi, kliniki ifunguliwe saa ngapi, mlangoni pabandikwe jina gani na ndani aketi nani, bila kumwuliza hata mara moja yule anayetarajiwa kuufungua mlango huo.

Hoja yangu leo ni moja. Hapa Kathiani, kabla ya kuongeza kliniki, mabango na semina, tuanze kwa kuwauliza vijana wenyewe, kwa utaratibu na kwa adabu, na tuwe tayari kufuata watakayotuambia. Kazi hiyo wataalamu huiita utafiti wa watumiaji. Naamini kwamba walimu na wanafunzi ndio wanaofaa kuwa wa kwanza kuidai na kuianzisha.

Haja yenyewe haina shaka. Mwaka wa 2021 kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi, kikishirikiana na vyuo vikuu vya ng'ambo, kilifanya uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17. Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2022 yalionyesha kwamba asilimia 44.3 ya vijana hao walikuwa wamepata tatizo la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, na asilimia 12.2 walikuwa na hali ambayo daktari angeiita ugonjwa. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 45 na ajifanyie hesabu: kwa kipimo hicho, wapatao 20 mbele yake wanabeba mzigo, na watano au sita kati yao wanahitaji tiba. Waliofikia huduma yoyote walikuwa wachache mno. Shirika la Afya Duniani nalo linataja kujiua kuwa chanzo cha tatu cha vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29 ulimwenguni.

Wala hatukosi karatasi. Mwaka wa 2020 jopo la kitaifa lililoongozwa na Daktari Frank Njenga liliwasilisha ripoti yake, likapendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Mwaka wa 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa, na serikali za kaunti zikapewa wajibu wa kupeleka huduma hizo karibu na wananchi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Hizo zote ni hatua za kupongezwa. Hata hivyo, sheria haimshiki kijana mkono ikamtoa nyumbani Mitaboni au Kaewa hadi kwa mshauri. Kati ya sheria na kijana pana njia ndefu, na njia hiyo hakuna anayeijua kuliko yeye mwenyewe.

Funzo la milima yetu

Sisi wa Machakos hatustahili kuhitaji somo hili kutoka kwa wageni, kwa maana historia yetu imelitoa zaidi ya mara moja. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliona udongo wa Ukambani unamomonyoka, ikaamua dawa ni kupunguza mifugo kwa nguvu. Ng'ombe wakakamatwa na kuuzwa. Mwaka wa 1938 Muindi Mbingu akawaongoza Wakamba kwenda Nairobi kwa miguu, wakapiga kambi huko kwa majuma wakidai kumwona gavana. Muindi alipelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ikalazimika kuacha kuwanyang'anya watu mifugo wao. Tatizo la udongo lilikuwa la kweli, na huenda maofisa walikuwa na nia njema. Walichokosa ni kumwuliza mwenye ng'ombe kwamba ng'ombe huyo ana maana gani kwake.

Tazama sasa matuta. Yale membamba yaliyochimbwa kwa kazi ya kulazimishwa wenyeji waliyachukia, na mengi yaliachwa yakabomoka. Baadaye wakulima walijichagulia matuta mapana na ya fanya juu, yaliyohifadhi maji na kuongeza mavuno, wakayachimba wenyewe kwa vikundi vya mwethya. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliisimulia habari hiyo katika kitabu chao cha mwaka wa 1994. Walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu wa Machakos ilipanda zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ukapungua. Tuta lililochaguliwa na mwenye shamba ndilo lililodumu.

Tena mwaka wa 1988, katika kata ndogo ya Mbusyani, wilaya ya Machakos ya wakati huo, Sekretarieti ya Taifa ya Mazingira na wasomi wa Chuo Kikuu cha Clark cha Marekani waliketi na wanakijiji. Pamoja nao walichora ramani ya eneo lao, wakaandika historia yake na kuyapanga matatizo kwa uzito ambao wanakijiji wenyewe waliyapa. Njia hiyo ya kuwashirikisha wenyeji imetumika kwingi duniani tangu hapo. Ikiwa mkulima wa Machakos aliulizwa kuhusu maji na udongo, mwanawe na mjukuu wake wana kosa gani hata wasiulizwe kuhusu nafsi zao?

Fimbo na ushauri

Kuna kumbukumbu nyingine, nayo ni chungu. Mnamo Machi 26, 2001, moto uliteketeza bweni la shule ya upili ya Kyanguli, wilayani Machakos, na wanafunzi 67 wakapoteza maisha. Mwaka huohuo serikali iliunda jopo la kuchunguza nidhamu na ghasia shuleni, likiongozwa na Naomi Wangai. Miongoni mwa yaliyosisitizwa ni kuimarisha ushauri nasaha. Mwaka huohuo pia adhabu ya viboko iliondolewa katika kanuni za elimu.

Yafaa walimu wenzangu tuyatafakari mambo hayo mawili kwa pamoja. Fimbo ilipoondoka, mahali pake tuliweka ushauri nasaha, na katika shule nyingi mkono ulioshika fimbo ndio uliokabidhiwa ushauri. Mwanafunzi akichelewa, apelekwe kwa mshauri. Akipigana, apelekwe kwa mshauri. Akikamatwa na simu, kwa mshauri. Chumba ambacho kingekuwa kimbilio kikawa kituo cha pili cha nidhamu. Sasa kijana ambaye babake amepoteza kazi, au msichana anayeogopa kurudi nyumbani wakati wa likizo, aingieje humo huku wenzake wakimwona kupitia dirishani na kuulizana amefanya kosa gani?

Katika shule moja niliyopata kufundisha, niliwagawia wanafunzi wa kidato cha tatu vipande vya karatasi, wajibu bila kuandika majina. Swali la kwanza lilisema: "Una maoni gani kuhusu afya ya akili?" Darasa lilicheka. Wengi waliandika kwamba wao si wendawazimu, na mmoja akauliza kama kuna gari la kwenda Mathari. Juma lililofuata nilibadilisha swali: "Mara ya mwisho ulipokuwa na mawazo mengi, ulifanya nini?" Hapakuwa na kicheko. Kengele ililia na kalamu bado zinakwenda. Waliandika kuhusu karo, kuhusu wazazi waliotengana, kuhusu matokeo ya mtihani, kuhusu kulala macho wazi. Wengi walisema walimwambia rafiki au hawakumwambia yeyote. Waliomtaja mwalimu mshauri walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Darasa lilikuwa lilelile na mwulizaji alikuwa yuleyule. Lugha tu ndiyo iliyobadilika.

Hapo ndipo ninapouona umuhimu wa kuuliza kabla ya kutenda. Neno "akili" katika Kiswahili chetu ni neno la werevu. Mtoto mwenye akili ni yule anayeshika namba moja. Ukimwambia kijana kwamba akili yake ni mgonjwa, umemwambia jambo asiloweza kulirudia mbele ya wenzake. Jina la Mathari, hospitali iliyoanzishwa mwaka wa 1910 kama makao ya wendawazimu, limekuwa tusi vinywani mwa watoto ambao hawajawahi kuiona. Lakini "nina mawazo" ni kauli ambayo hata mzee huisema bila aibu, na kwa Kikamba mtu husema kwamba anasuania muno, yaani anafikiri kupita kiasi. Kijana anayo lugha ya maumivu yake. Ni sisi tunaomjia na lugha ya ofisi.

Wazimbabwe waligundua jambo hilohilo. Mwaka wa 2006 Daktari Dixon Chibanda alianza kazi mjini Harare na akina nyanya 14, wakiketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Mwanzoni benchi lilikuwa na jina la afya ya akili, na watu hawakutaka kuonekana wameliketia. Nyanya hao ndio walioshauri libadilishwe liwe benchi la urafiki. Wala hawakuzungumza maneno ya vitabuni, bali walitumia neno la Kishona, kufungisisa, lenye maana ileile ya kuwaza mno. Matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa 573 katika zahanati 24 yalichapishwa mwaka wa 2016, yakaonyesha kwamba waliopitia benchi hilo walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Ushauri ulioanza na jina la benchi ulitoka kwa watu waliolijua benchi.

Hapa nyumbani, Tom Osborn na wenzake waliunda mpango wa Shamiri kwa ajili ya shule za upili. Wanaoongoza vikundi ni vijana wa miaka 18 hadi 22, waliotoka shuleni juzi tu, na mazungumzo ni ya vipindi vinne vya saa moja, kuhusu kukua, shukrani na yale ambayo mtu anayathamini. Ugonjwa hautangulizwi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021, kwa wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu, ulionyesha kwamba dalili za huzuni na wasiwasi zilipungua kuliko kwa wenzao waliofunzwa mbinu za kusoma. Sisemi tuchukue Shamiri au benchi la Harare tukalipandikiza Kathiani kama mche wa mwembe. Nasema tuige jinsi walivyoanza.

Tuanzeje?

Utafiti wa watumiaji hautafuti idadi ya wagonjwa. Hiyo kazi ilikwisha fanywa. Huu unaifuata safari ya kijana: alitambuaje kwamba hali yake si ya kawaida, alimwambia nani kwanza, alikwenda wapi, ni nini kilichomrudisha njiani, na kama alifika, ni nini kilichomfanya asirudi mara ya pili.

Kwanza, tujue ni vijana gani. Mwanafunzi wa bweni si sawa na yule anayeteremka mlima wa Iveti kila alfajiri kwenda shule ya kutwa. Yupo kijana wa bodaboda katika soko la Kathiani, yupo msichana aliyeacha shule kwa sababu ya mimba, yupo fundi mwanagenzi, na yupo aliyemaliza kidato cha nne akabaki nyumbani akiangalia mbuzi. Tukiwauliza wa shuleni peke yao tutapata nusu ya habari. Mazungumzo machache na kila kundi, marefu na ya utulivu, yatatufaa kuliko fomu elfu moja zilizojazwa kwa haraka.

Pili, tuulize yaliyotokea, tusiulize yatakayotokea. Ukimwuliza kijana, "Tukifungua kliniki utakuja?" atakujibu "Ndiyo" kwa heshima, kama alivyolelewa kumjibu mkubwa. Mwulize alichofanya mara ya mwisho alipolemewa, na atakuonyesha njia aliyopita kweli. Pengine ilimpitisha kwa mchungaji, kwa shangazi au kwa mundu mue. Tusiwadharau hao. Katika Makueni jirani, watafiti wa Profesa David Ndetei walifanya kazi na waganga wa jadi na viongozi wa dini sambamba na wauguzi, kwa kuwa huko ndiko familia nyingi huanzia.

Tatu, tutazame kwa macho. Tukae katika chumba cha kungojea na kuhesabu madirisha ambayo kijana huyapitia kabla ya kuonwa. Je, jina lake huitwa kwa sauti? Kliniki hufunguliwa saa ambazo yeye yumo darasani? Nauli ya kwenda Machakos mjini na kurudi ni sawa na vibarua vya siku ngapi? Anayeandika kadi yake huimba kwaya moja na mamake? Katika mji mdogo kama wetu, ambapo kila mtu anajua wewe ni mtoto wa nani, swali hilo la mwisho laweza kuwa na uzito kuliko bei ya dawa.

Nne, tujaribu jambo dogo kabla ya kubwa. Badala ya jengo, tubadilishe saa ziwe za Jumamosi alasiri. Badala ya mshauri mpya, tubadilishe jina la mlangoni, au tuhamishe kiti kutoka kando ya ofisi ya naibu mkuu. Tungoje muhula mmoja, tutazame ni nani aliyekuja, kisha tuulize tena. Mradi unaokosea kwa gharama ya rangi ya mlango hurekebishwa kwa urahisi. Ule unaokosea kwa gharama ya jengo zima hutetewa milele.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wapo watakaosema vijana hawajui wanachotaka. Huenda hawajui dawa, lakini wanajua panapouma, na hakuna daktari anayeanza kutibu bila kuuliza panapouma. Wapo watakaosema hakuna fedha. Kuuliza ni rahisi kuliko kujenga, na tangu mwaka wa 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba hadi nyumba wametambuliwa na kupewa vifaa na serikali. Njia za kuwafikia watu zipo.

Pingamizi lenye uzito ni jingine, nalo ni la hatari. Kumwuliza mtoto kuhusu maumivu yake ni kufungua kidonda, na asiye na kitambaa asifungue. Kwa hiyo utafiti huu usifanywe kiholela. Upate kibali cha NACOSTI na cha kamati ya maadili. Aliye chini ya miaka 18 akubali mwenyewe na mzazi wake pia akubali. Majina yalindwe kama inavyoamrishwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Mwalimu asimhoji mwanafunzi wake mwenyewe, kwa kuwa hakuna uhuru mbele ya anayekutia alama. Shule na zibadilishane wahoji, au kazi ipewe vijana waliomaliza masomo na kufunzwa vizuri. Tena kabla ya swali la kwanza kuulizwa, ijulikane ni nani atakayemshika mkono mtoto atakayesema kwamba anataka kufa, saa hiyohiyo, bila kungoja ripoti. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto haitozwi pesa. Iandikwe mahali ambapo kila mwanafunzi ataiona.

Lipo sharti moja zaidi, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Tukiuliza, turudi na majibu. Watu wa Machakos wamehojiwa na wasomi wengi ambao waliondoka na madaftari yao na hawakuonekana tena. Kijana aliyefungua moyo wake halafu asione hata kiti kimoja kimehamishwa, hatausema ukweli mara ya pili. Kumwuliza mtu na kumpuuza ni kumfundisha kunyamaza, na ukimya ndio maradhi tuliyokuja kuyatibu.

Enyi walimu, katika mkutano wenu ujao wa walimu, ombeni dakika 20 kwa swali hili moja: mwanafunzi aliyelemewa katika shule yetu hupitia wapi, na huishia wapi? Nanyi wanafunzi, msingoje kuhojiwa tu. Dai lenu liwe kushiriki kuyatunga maswali, kwa maana ninyi ndio mnaojua ni neno gani litamfanya mwenzenu acheke na ni lipi litamfanya aandike hadi kengele ilie. Na serikali ya kaunti, iliyopewa wajibu na sheria ya mwaka wa 2022, isijenge ukuta wowote Kathiani kwa jina la vijana kabla ya kuweza kutuonyesha, kwa maandishi, vijana hao walisema nini. Kuuliza si ujinga.